Sampu Iliyooza kwa Kutu: Ichomelewe au Ibadilishwe?

Swali: Nina Fuso linalobeba dagaa kutoka Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, hadi Shinyanga. Sampu yake, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, imeliwa na kutu na kila asubuhi nakuta doa la oili chini. Fundi mmoja anasema ichomelewe hapo hapo bila kufunguliwa. Mwingine anataka ninunue nyingine. Nimsikilize nani?

Jibu: Ndugu msomaji, msikilize huyo wa pili, na yule wa kwanza umkatalie kabisa. Sampu ya bati huoza kutoka nje kuelekea ndani, kwa kuwa ndani hulindwa na oili. Kwa hiyo tundu unaloliona ni mahali pa kwanza tu palipotoboka, na bati linalolizunguka nalo limekwisha kuwa jembamba. Likiguswa na moto wa kuchomelea, huyeyuka badala ya kushika, na mvuke wa oili uliomo ndani unaweza kulipuka fundi akiwa amelala chini yake. Hata sampu ikishushwa kwanza, joto linaweza kupinda ukingo unaokaliwa na gasketi inayozuia oili isivuje. Kuchomelea kunafaa pale ambapo bati bado ni zima ila limepasuliwa na jiwe, tena sampu ikiwa imeshushwa na kuoshwa oili yote.

Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, mwaga oili, sugua kutu kwa brashi ya waya, kisha gonga taratibu kwa mpini wa bisibisi: bati zima hulia, lililooza hutoa sauti iliyofifia na magamba hudondoka. Anzia kwenye nati ya kumwagia oili, maana tope hukaa hapo muda mrefu. Gundi ya chuma inaweza kukufikisha gereji, si Shinyanga.

Wakati wa kufunga mpya, gari liegemee kwenye stendi imara, kamwe si jeki peke yake. Gasketi ya zamani ikwanguliwe yote kwa kipande cha mti, na chujio la pampu ya oili lisafishwe kabla halijafunikwa. Kama injini yako hutumia silikoni badala ya gasketi, ipakwe mstari mmoja usiokatika, upande wa ndani wa matundu ya boliti, nayo, sampu ikishafungwa, iachwe ikauke kwa saa zilizoandikwa kwenye kichupa chake kabla ya kujaza oili. Boliti zikazwe kwa awamu, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa nguvu iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Ukikaza kupita kiasi, ukingo hupinda na uvujaji hurudi.

Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, lakini usiliingize gari ziwani kuliosha: tope bichi linaloganda chini ya injini ndilo linaloozesha bati, na oili inayovuja hubaki katika maji tunayokunywa.

Ukishajaza oili, washa injini. Taa ya oili isipozimika ndani ya sekunde chache, zima mara moja. Usiku wa kwanza tandika boksi chini ya injini, na asubuhi likiwa kavu, pakia mzigo.