RV ya futi 30, breki zilizonuka, na orodha ndefu kuanzia Yellowstone mpaka Death Valley

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi na mume wangu na watoto wanne tunaishi Minneapolis, Julai tunataka kukodi RV (lile gari lenye nyumba ndani) ya Class C, yani iliyojengwa juu ya chasi ya lori dogo, ya futi 30, tuzunguke hifadhi ambazo tumekuwa tukizitamani miaka yote: Yellowstone, Glacier tupite ile barabara ya Going-to-the-Sun, tushuke Zion, Grand Canyon, tumalizie Death Valley. Je gari la ukubwa huo linapita kote huko? Na swali la pili ndilo linanitisha: mwaka jana Colorado tulikodi RV, tukiwa tunashuka mlima breki zikaanza kunuka kama plastiki inaungua, alafu pedali ikawa laini inazama mpaka chini. Mume wangu anasema ni kawaida. Ni kawaida kweli?

JIBU: Marahaba dada yangu. Naanza na la pili manake hilo la kwanza likikosewa mtageuza gari tu mrudi, la pili likikosewa hakuna kurudi.

Mwambie shemeji kwa heshima zote kwamba si kawaida. Hiyo harufu ni pedi zinaungua, ile gundi iliyoshikilia pedi inapata moto mpaka inatoa moshi. Hapo bado una breki kiasi. Lakini pedali kuwa laini na kuzama ni kitu kingine kabisa, hapo ni oili ya breki imechemka ndani ya bomba, ikichemka inatoa mvuke, na mvuke unabanika, oili haibaniki, kwahiyo unakanyaga unabana hewa tu wakati diski hazishikwi. Oili ya breki ina tabia ya kuvuta unyevu. Oili ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya inachemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi, ikishazeeka na kuvuta maji ni 140 hivi tu, na DOT 4 inaanzia 230 inashuka mpaka 155. Mwaka juzi niliifungua RV moja ya kukodi iliyoletwa gereji kwetu imevutwa, oili yake ilikuwa nyeusi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Sasa weka hiyo kwenye gari la paundi 14,500 linashuka mlima, watoto wamelala nyuma.

Kwahiyo siku ya kuchukua gari, kabla hujasaini chochote, fungua boneti uangalie kikopo cha oili ya breki. Ikiwa ya rangi ya asali au angavu kama maji sawa, ikiwa nyeusi waambie wabadilishe au wakupe gari lingine, na usiwaonee haya.

Nusu ya kosa lakini huwa ni dereva, samahani kwa shemeji. Mimi kabla ya kuja huku nimeshuka Kitonga na lori la mzigo miaka sita, na utingo wa siku ya kwanza tu anajua mlima unashukwa kwa gia, breki ni ya kusaidia. Huku watu wanapewa RV wakiwa na leseni ya gari dogo (sheria inaruhusu mpaka paundi 26,000), wanaendesha kama Corolla, mguu uko juu ya breki kidogokidogo kutoka juu mpaka chini, na hako ka kidogokidogo ndiko kanakoua, manake pedi hazipati hata sekunde ya kupoa. Fanya hivi: ukiwa bado juu kileleni punguza mwendo, bonyeza kitufe cha Tow/Haul (cha kuvuta mzigo) kilichopo kwenye mkono wa gia, gari lenyewe litashusha gia. Injini italia kwa sauti ya kutisha, RPM 4,000, watoto wataamka, mwache alie, haifi. Chagua spidi, tuseme maili 40. Ikifika 40 kanyaga breki kwa nguvu ya kueleweka mpaka 35, alafu achia kabisa. Ikipanda tena 40, rudia. Na kama umechelewa ukaona pedali inazama, pampu harakaharaka, vuta gia ya chini, ukiona ile njia ya mchanga iliyotengwa pembeni kwa malori yaliyokata breki ingia humohumo, gari la kukodi lina bima, wewe huna spea.

Haya sasa njia yenyewe. Kutoka Minneapolis mtachukua I-90 kuvuka South Dakota, simameni Badlands, pazuri sana jua likizama na hapana tabu yoyote kwa RV. Mkifika Custer msishawishike na Needles Highway, kuna handaki la kwenye jiwe pale upana wake kama futi 8 tu, RV yenu peke yake ni futi 8 na zaidi kidogo bila vioo. Nendeni Mount Rushmore kwa barabara kubwa.

Alafu Wyoming, na hapa nisikilize vizuri manake mtego uko hapa. Kuna milima ya Bighorn katikati yenu na Yellowstone, na barabara tatu za kuvuka. Simu itakuchagulia yoyote iliyo fupi, simu haijui kama unaendesha nyumba. US-14A ina mteremko wa asilimia 10 upande wa magharibi, yani kila mita 100 unashuka mita 10, na inaendelea hivyo kwa maili kadhaa, huo ndio upande mtakaokuwa mnashuka nyie. Na breki mlizokuwa nazo mwaka jana msingefika chini. Shikeni US-16 kutoka Buffalo kwenda Ten Sleep, kilele chake Powder River Pass ni futi 9,666, ni juu kweli lakini mteremko wake wa kistaarabu, na lile korongo la Ten Sleep mtakalopita hamtajuta. Gari likipanda kwa uvivu huko juu msidhani ni bovu, injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila futi 1,000, hewa nyepesi.

Yellowstone RV inapita kote kwenye barabara kuu. Kama mnataka kuchomeka umeme ndani ya hifadhi basi ni Fishing Bridge peke yake, na pale hawaruhusu hema wala gari la turubai, manake dubu wa grizzly wako wengi. Umeme wenu utakuwa wa ampea 30, hiyo ni wati 3,600 basi. AC, maikrowevu na hita ya maji vikiwaka pamoja fyuzi inaruka, watu wanatupigia simu usiku wa manane kwa hilo tu. Pika kwa gesi.

Glacier: hapana. Going-to-the-Sun kati ya Avalanche na Rising Sun mwisho ni futi 21 urefu, upana futi 8 pamoja na vioo, na hawana huruma kwa sababu upande mmoja ni mwamba umening'inia juu ya barabara, upande mwingine ni hewa. Usiifute kwenye orodha lakini. Acheni RV kambini Apgar au St. Mary mpande yale mabasi mekundu ya miaka ya 1930 yenye paa la turubai linalokunjwa, na kwa maoni yangu ni bora hivyo, dereva naye anaona mlima badala ya kuangalia kioo. Kuhama upande mmoja kwenda mwingine na RV zungukeni kusini kwa US-2, haina shida.

Zion nako kuna jambo. Lile handaki la upande wa mashariki lilifunguliwa 1930, urefu maili 1.1, paa lake ni la upinde, kwahiyo gari refu linaingia katikati tu. Zamani ulikuwa unalipa dola 15 wanasimamisha magari ya mbele unapita peke yako, ila kuanzia katikati ya 2026 magari yaliyozidi futi 11 na inchi 4 kwenda juu au futi 7 na inchi 10 upana hayapiti kabisa. Yenu imezidi upana, na ukiweka ile AC ya juu ya paa pengine imezidi na kimo. Ingieni kwa upande wa Springdale kutokea I-15, lazeni gari kambi ya Watchman, ndani ya korongo ni mabasi ya bure. Mkitoka kwenda Grand Canyon rudini mpaka Hurricane mpite Colorado City, Fredonia.

Grand Canyon nendeni South Rim, yani ukingo wa kusini. Kambi ya Mather mwisho futi 30, na hizi RV zinazoitwa za futi 30 ukichukua futikamba kuanzia bampa mpaka ngazi ya nyuma unakuta 31 na kitu. Wekeni nafasi Trailer Village, wanapokea mpaka futi 50 na umeme upo.

Death Valley mwezi wa saba mimi siwezi kukuruhusu. Furnace Creek ndipo palipopimwa nyuzi 56.7 Julai 10, 1913, na usiku wake Julai bado ni nyuzi 30. AC ya RV inashusha joto la hewa kama nyuzi 11 hivi, piga hesabu mwenyewe. Friji ya gesi inashindwa, maziwa ya mtoto yanaharibika, na mikataba mingine ya kukodi inakataza kabisa kuingia pale kiangazi, likikufia huko gharama za kulivuta ni zako. Wekeni Februari.

Pasi ya hifadhi nunueni moja ya mwaka, dola 80 kwa mkazi mwenye kitambulisho cha Marekani. Asiye mkazi tangu 2026 ni dola 250.

Na tenki la maji safi msijaze kuanzia nyumbani, galoni 40 ni kilo 150, yote hiyo ni kazi ya breki. Jazeni mkikaribia kambi. Ukishakabidhiwa gari, kwenye mlango wa dereva kuna stika ya uzito na kwenye dashibodi kuna ya kimo, zipige picha zote mbili unitumie pamoja na rangi ya ile oili, ntakwambia kama mnaondoka au mnarudisha funguo.