Fundi kapasua bomba, nimkate hela?

SWALI: Fundi wangu akichimba shimo la choo kapasua bomba, plasta ya ukuta wa nyuma hajamaliza, na sasa anadai milioni 2 zilizobaki. Nizikalie zote? – Msomaji, Goba

JIBU: Zote hapana ndugu yangu. Kata kinacholingana na hasara tu, yaani bomba, fundi bomba na kumalizia plasta, tunza risiti na picha, ila kwanza mwandikie, hata kwa WhatsApp, umpe nafasi arekebishe mwenyewe. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, inakupa fidia ya hasara, sio kumkomoa mtu. Kazi aliyoimaliza vizuri mlipe, ana vibarua wanamsubiri, na ukigoma kabisa wewe ndo utaonekana umevunja mkataba.