Nyama ya sambusa isilale kwenye sufuria

Ndugu yangu, umeandika kwamba umepata oda ya sambusa 400 za harusi hapo Tabora mjini, kwamba utapika nyama ya kusaga Ijumaa jioni, utaiacha kwenye sufuria ipoe usiku kucha, kisha Jumamosi asubuhi utafunga na kukaanga, kwa kuwa mafuta ya moto yatamaliza kila kitu. Usifanye hivyo. Mimi nilifanya hivyo hivyo kwa ajili ya akika moja ya Isevya, tena mwezi wa Oktoba, na joto la Oktoba huku kwetu unalijua.

Nyama yangu haikuwa na kasoro. Niliinunua asubuhi, ina muhuri wa mkaguzi, ikasagwa mbele ya macho yangu. Niliipika kilo nane hadi maji yakakauka, na ilipobaki vuguvugu nikaichanganya na vitunguu na giligilani kwa mkono, huku kidole changu cha shahada kina jeraha la kisu la siku mbili, nimekifunga kitambaa. Nikafunika sufuria nzi wasiingie, nikaenda kulala nikijiona mpishi hodari. Asubuhi niliinusa, nikaionja, ikanukia vizuri kabisa. Sambusa ziliandaliwa saa nane mchana, na kabla ya saa kumi na moja watu kumi na wanne walikuwa wanatapika, mwenye shughuli akiwa wa pili.

Bwana afya alipofika hakuniuliza habari za ng'ombe. Alinitazama mkono. Alinieleza kwamba bakteria aitwaye stafilokokasi hukaa puani na kwenye ngozi za watu wengi wazima wa afya, na kwenye vidonda hujaa zaidi. Akiingia katika nyama iliyokwisha kupikwa hapati mshindani, kwa sababu bakteria wengine wamekufa kwa moto, na ndani ya sufuria kubwa iliyofunikwa, ambayo katikati yake hubaki na joto kwa saa nyingi, huzaliana na kutoa sumu. Ukikaanga, bakteria atakufa, lakini sumu yake haiharibiki hata kwa maji yanayochemka. Haina harufu wala ladha, na mtu huanza kutapika ndani ya saa chache tu. Kwa hiyo mafuta yangu ya moto yaliua wenye nyumba na kuacha sumu yao mezani.

Nilirudisha shilingi 200,000 zote za oda, nikalipia dawa na dripu, na mpaka leo nikipita Isevya kuna vijana wanaonisalimia huku wameshika tumbo. Nami hucheka nao, ningefanya nini?

Aliyenifundisha kwamba moto huua kila kitu alikuwa mpishi wa shughuli aliyenitoza shilingi 30,000 za mafunzo. Nilipomwendea na habari hiyo alisema labda wageni walikunywa juisi mbaya. Juisi! Watu wa namna hii hufundisha kukunja manda kwa siku tatu, lakini hawatumii hata dakika tano kusema kwamba chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa nje zaidi ya saa mbili, jambo ambalo Shirika la Afya Duniani limelitangaza miaka mingi, pamoja na kwamba bakteria hustawi kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za joto. Sufuria yangu ilikaa humo usiku mzima.

Umeuliza pia habari za friza. Friza ni nzuri, lakini ukiingiza humo sufuria nzima ya moto, katikati itabaki vuguvugu vilevile. Nyama itandazwe kwenye masinia, iwe nyembamba, ndipo iingie kwenye ubaridi kabla saa mbili hazijapita. Mimi hata hilo nimeliacha, kwa sababu umeme ukikatika usiku sitajua. Sasa Ijumaa usiku hukata vitunguu tu, naviweka kwenye friji na kulala. Nyama huinunua Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, huipika, huitandaza ipoe upesi na kuichanganya kwa mwiko, kisha hufunga na kukaanga papo hapo, na nikiwa na kidonda mkononi kazi ya kufunga anafanya mtu mwingine.

Harusi yenyewe ni Jumamosi saa ngapi? Kama ni jioni, muda unakutosha kabisa, mradi upate wasaidizi wawili wa kufunga.