Bustani ya makazi ya wazee: anzeni na maji, miche ije mwisho

Nina kitalu cha miche pembeni mwa barabara hapa Tabora, na kila ikikaribia tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, napata wateja wa aina moja. Wanakuja jioni, fulana za kikundi zimeshachapishwa, wanataka miche mia ya maua wakaipande kesho yake kwenye makazi ya wazee. Mimi ni mfanyabiashara, na miche mia ni hela. Lakini Oktoba ya Tabora ni jua na vumbi. Mvua za maana tunazisubiri Novemba. Ndiyo maana siku hizi nawaambia warudishe hela mfukoni kwanza, wakae tuongee.

Nimeshaenda na vikundi vingi kwenye kazi hizi: kwaya, vikoba, wanafunzi wa vyuo. Nia njema haijawahi kupungua. Kinachopungua ni hesabu. Watu hupanga siku moja ya kujitolea kwa umakini mkubwa, nani aje na spika, nani apike pilau, halafu siku zinazofuata wanamwachia Mungu. Swali langu la kwanza kwa kikundi chochote ni moja tu: nani atamwagilia Jumatano?

Tupige hesabu kidogo. Udongo wetu sehemu kubwa ni wa kichanga, haushiki maji. Wakati wa kiangazi, mita moja ya mraba ya mboga inahitaji kama lita tano kwa siku. Matuta mawili ya mita moja kwa kumi ni mita za mraba 20, maana yake lita 100, yaani ndoo kubwa tano kila siku ya Mungu. Wahudumu wa makazi wanaogesha watu, wanafua, wanalisha wasioweza kula wenyewe. Ukiwaongezea ndoo tano umewapa adhabu, na watakayoiacha ni bustani. Wazee wenyewe wangependa kumwagilia, ila huwezi kumpa bibi wa miaka 80 ndoo ya lita 20.

Kwa hiyo fedha ya kwanza ya kikundi iende kwenye pipa lenye koki. Liwekwe jirani kabisa na matuta, juu ya tofali, koki iwe juu kiasi cha kuingiza dumu la lita tano chini yake bila mtu kuinama sana. Lita tano mzee mwenye nguvu kiasi anazibeba, na asiyeweza atabeba kopo. Pipa lifunikwe, la sivyo mmewafugia mbu. Tangu maji ya Ziwa Victoria yafike Tabora habari ya bomba imekuwa nafuu, ila bomba lina bili, na bili ina mlipaji. Muulizeni mfawidhi, yaani msimamizi wa makazi, kabla hamjaunga mpira. Yale maji ya kusuuzia vyombo msiyamwage. Yapelekeni kwenye mipapai na migomba, si kwenye mchicha.

Nimemtaja mfawidhi, basi nimalize hilo upesi. Makazi ya serikali yako chini ya wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii, kwa hiyo andikeni barua, ipitie kwa afisa ustawi wa jamii, elezeni mnataka kufanya nini na lini. Makazi ya taasisi za dini yana utaratibu wao, nao uulizwe. Suala la picha liandikwe humo humo, maana mzee akikataa kupigwa picha amekataa.

Baada ya barua kujibiwa, nendeni mara moja bila jembe. Hii ndiyo ziara ambayo vikundi vingi huiruka, na kwangu ni muhimu kuliko siku yenyewe ya kazi. Nendeni watatu au wanne, asubuhi. Shikamoo iwe shikamoo ya kweli, kwa mmoja mmoja, si ya jumla kama mnaingia darasani. Mkiwa na anayejua Kinyamwezi mpeni nafasi. Mzee aliyekuwa ameinamisha kichwa akisikia salamu ya "mwangaluka" anainua uso, na hapo mazungumzo yameanza. Kisha ulizeni nini kinaota pale tayari, na cha nani.

Nasema "cha nani" kwa sababu nilishuhudia kikundi kimoja kikifyeka ua wote kwa saa moja, pasafi, wanapongezana. Ukutani, karibu na jiko, kulikuwa na mgagani na mchunga. Kwa kijana wa mjini yale ni magugu. Kwa bibi mmoja pale ilikuwa mboga yake, aliiachia mbegu mwenyewe tangu msimu uliopita, na alikuwa akichuma konzi moja moja anampelekea mpishi. Hakugomba. Alikwenda akaokota mashina yaliyokatwa, akayakung'uta mchanga, akaanza kutenganisha majani. Tangu siku ile, ninapokwenda na kikundi tunabeba vitambaa vyekundu na vijiti. Mzee anaonyesha, sisi tunachomeka. Chenye kitambaa hakiguswi.

Utashangaa pia majibu ya swali la "mngependa tupande nini". Sisi tunafika na mawazo ya maua. Wao wanataja mlenda, kunde za kuchuma majani ya nsansa, ile mboga ya majani yaliyokaushwa, viazi vitamu angalau vya kutosha michembe kidogo, yaani viazi vya kukatwa na kukaushwa, mchaichai wa chai ya jioni. Wapo wanaotaka maua pia, na wapewe, lakini wengi wa wazee hawa wamelima maisha yao yote. Mpeni tuta mwenye kulitaka. Na asiyetaka kushika udongo tena aachwe akae kivulini aangalie wengine. Amelima vya kutosha, na msimvute mkono kwa ajili ya picha.

Sasa ujenzi, ambao ndio kazi yenyewe. Bustani ya wazee si matuta, ni njia. Njia ikiwa mbaya, hata mkipanda nini, itatazamwa kutoka dirishani. Kiti cha magurudumu kinataka njia isiyopungua sentimita 90, na sehemu ya kupishana au kugeuza ifike mita moja na nusu. Mchanga mtupu ni mtego, gurudumu linazama na mkongojo unazama. Wekeni changarawe ya moramu, mwagieni maji, shindilieni mpaka ikaze. Penye mwinuko, kila sentimita moja ya kupanda ipewe sentimita 12 za urefu, si chini ya hapo. Halafu yale mawe ya kupaka chokaa tuliyoyazoea shuleni na kambini, hapa yana kazi: mwenye mtoto wa jicho anauona ukingo mweupe hata kama haoni kitu kingine vizuri. Na njia izunguke irudi mlangoni. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau akifika mwisho wa njia iliyokatika ghafla huchanganyikiwa. Njia inayozunguka inamrudisha nyumbani bila kuulizwa na mtu.

Matuta yainuliwe. Kwa anayekaa kwenye kiti, kimo cha sentimita 60 kinatosha. Kwa anayesimama lakini hawezi kuinama, nendeni mpaka 80. Upana usizidi sentimita 60 kama tuta limeegemea ukuta, au 120 kama linafikika pande zote mbili, kwa sababu mkono wa mtu una mwisho wake. Msijenge kwa mbao. Mchwa wa Tabora hawana utani, msimu wa pili utakuta unga. Tofali za kuchoma zinatosha kabisa, hata vipande vilivyobaki kwenye ujenzi wa mtu. Mkikosa tofali, bustani ya gunia ni nzuri: nguzo ya mawe katikati ya kupitishia maji, udongo na samadi pembeni, mchicha unatoka ubavuni. Gunia la sandarusi linachakaa kwa jua, basi mhesabu litabadilishwa.

Viti viwe na egemeo na mikono. Benchi tupu mzee anakaa lakini kunyanyuka ndiyo shughuli. Watu hupenda kuviweka chini ya mwembe, na miembe tunayo, lakini subirini Desemba embe zianze kudondoka, nzi waje na sakafu iteleze. Viti wekeni pembezoni mwa kivuli, si chini ya matawi yenye matunda.

Kuna jambo moja naomba msomaji asilipite. Makazi kadhaa ya wazee nchini yana watu waliougua ukoma zamani. Walishatibiwa, hawaambukizi, na kikundi kielezwe hivyo waziwazi kabla ya kufika, ili asitokee wa kurudisha mkono nyuma kwenye salamu. Lakini ugonjwa ule huacha mikono na miguu isiyo na hisia. Mtu anachomwa na mwiba hajui, anashika keni ya bati ya kumwagilia iliyoshinda juani anaungua hajui, na kidonda kinaonekana siku ya tatu. Kwa hiyo hakuna waridi pale, hakuna bogenvilia kando ya njia. Keni na madumu yawe ya plastiki na yakae kivulini. Mipini tunaizungushia mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, inakuwa minene na laini, kidole kisichokunjika kinaishika. Glavu zipimwe mkononi mwa mtu mwenyewe, na viatu vilivyofunika vidole ni lazima. Mwisho wa kazi muuguzi au mhudumu akague mikono na nyayo. Haichukui dakika nyingi.

Kuhusu miche, hapa ndipo biashara yangu, na bado nitawapunguzia. Mnyaa usipandwe kabisa hata kama ni uzio wa bei nafuu, utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali. Mbono na mnyonyo, mbegu zake ni sumu, navyo viachwe. Chagueni vinavyolipa mapema. Mchicha wiki tatu hadi nne unachuma. Mpapai ukitunzwa unazaa ndani ya mwaka. Pandeni miche mitatu kwenye shimo moja, ikitoa maua mtajua dume ni upi, mng'oe. Mchaichai, kivumbasi na rozimari viwekwe pale ambapo mkono wa anayepita unagusa, kwa ajili ya harufu, hasa kwa wasioona. Mwembe wa kupandikizwa huanza kuzaa mwaka wa tatu hivi, wa mbegu unaweza kukuchelewesha zaidi ya miaka mitano. Nilidhani wazee watakataa mwembe kwa sababu ya umri wao. Babu mmoja alinicheka: yeye amekula embe maisha yote za miti asiyoipanda, sasa ananidai mche. Alipewa. Mita nane kutoka jengo, tafadhali, na mbali na chemba.

Kwa hiyo kalenda yangu inakuwa hivi. Ziara ya kuuliza ni Agosti. Samadi itafutwe wakati huo huo kwa wafugaji na irundikwe ioze. Mbichi inaunguza mizizi. Tarehe 1 Oktoba, mkipenda sherehe, njooni mjenge: njia, matuta, viti, pipa, na mashimo ya miti ya sentimita 60 kwa 60, udongo wa juu ukiwekwa kando na wa chini kando. Kazi zote hizo zinapendeza kufanyika ardhi ikiwa kavu. Miche ingoje mvua. Tarehe 9 Desemba ni sikukuu ya Uhuru, watu hawaendi kazini, na kwa kawaida ardhi imeshalowa. Hiyo ndiyo siku ya kupanda. Kwa wenzetu wa Kigoma kalenda haitofautiani sana, mvua zao huwahi kidogo.

Siku ya kazi yenyewe haina maneno mengi. Anzeni saa moja asubuhi, saa tano muwe mmeweka majembe chini. Watu 40 wenye majembe sita ni mkutano, si kazi. Bora 15 waliogawiwa, hawa toroli, hawa beleshi, hawa maji. Chakula mpishi wa makazi aulizwe kabla, kuna wenye kisukari na wenye presha, na kreti za soda si zawadi kwao. Na mle pamoja, si nyinyi kwenye gari na wao kwenye bwalo.

Fedha mgawanye hivi: theluthi moja isitumike siku ya kazi. Ibaki kwa ajili ya koki itakayopasuka, magunia ya kubadilisha, mbegu za awamu ya pili, na maganda ya mpunga ya kutandaza juu ya matuta mvua zikikata Mei, yanapunguza umwagiliaji sana. Mteueni mtu mmoja anayeishi jirani apite mara mbili kwa wiki mpaka Januari, na mumpe nauli. Akikuta mche umekauka asipige simu kulaumu wahudumu, apande mwingine.

Na oda. Mche wa mpapai unakaa kitaluni wiki sita mpaka nane kabla haujafaa kuhamishwa. Anayetaka kupanda Desemba 9, oda niipate kabla Oktoba haijafika katikati, na aje na vipimo vya eneo, si picha ya bustani ya hoteli aliyoiona kwenye simu.