Kumfunga uzazi mbwa jike: kamera au kisu cha kawaida?

Dada wa Likoni, umeuliza kama jike wako wa miaka 3 apasuliwe tumbo kawaida au afungwe uzazi kwa kamera, kupitia matundu madogo. Mimi niko Bamburi, hapa hapa Mombasa, na nimeyapitia yote mawili.

Kwa mbwa wangu wa kwanza nilichelewa. Wiki 5 hivi baada ya kutoka kwenye joto (kile kipindi cha kutaka dume) akawa anakunywa maji kupita kiasi, chakula hataki, kisha nyuma ukaanza kutoka usaha. Kizazi kilikuwa kimejaa. Alipasuliwa usiku ule ule, mshono urefu wa kiganja changu, akapona. Ukiona dalili hizo, habari ya kamera iache, mkimbize kwa daktari aliye karibu.

Wa pili ni German Shepherd. Daktari wetu alinielekeza kwa mwenzake Nairobi mwenye mashine. Tumbo hujazwa gesi ya kabonidayoksaidi, likainuka, kamera ikapata nafasi. Ovari (vifuko vya mayai) zikatolewa, kizazi kikaachwa kwa kuwa kilikuwa kizima. Wakati huo huo tumbo la chakula likashonewa kwenye ukuta wa ubavuni, maana mbwa wa kifua kirefu kama hawa tumbo huweza kujisokota na kuwaua kwa saa chache tu. Kwa mbwa wa aina hii, kamera ina thamani yake kweli. Nilikuta matundu matatu, hakuna lililofika sentimita 2, na jioni alitembea mwenyewe hadi garini.

Hapo ndipo nilipokosea. Siku ya 4, kwa kuona vidonda vidogo vimekauka, nilimfungulia uani. Aliruka ngazi mara mbili tatu. Magharibi tundu la karibu na kitovu lilikuwa limevimba kama yai la kuku, linavuja maji mekundu. Ilibidi ashonwe tena. Tundu ni dogo, lakini ndani mmekatwa na kushonwa vile vile. Siku 10 hadi 14 ni kumtembeza kwa kamba tu, na kola ya plastiki asilambe. Na joto letu hili la Pwani, vidonda viangalie asubuhi na jioni, visibaki na unyevu wala kutua nzi.

Nusukaputi pia ni ile ile. Uliza nani atakayemwangalia pumzi na moyo akiwa amelala, na ujue damu ikizidi watalazimika kumfungua kawaida.

Wako ni wa kienyeji, mwepesi, mzima. Ningekuwa wewe ningemfunga hapa hapa kwa njia ya kawaida, kwa daktari mwenye mkono mzuri, kuliko kumsafirisha karibu kilomita 500 na kumrudisha na nyuzi. Na paka uliyemtaja, mkato wake wa kawaida tayari ni mdogo, hahitaji kamera.

Tuambie alitoka lini kwenye joto. Kama haijapita miezi 2, daktari huenda akakwambia usubiri kidogo, kwa sababu mishipa ya damu ya kizazi huwa bado imejaa.