Omba dirisha, usiombe kilele

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii liliuliza hivi: mti wa jirani umekua ukaziba mandhari iliyokuwa ikionekana kutoka nyumbani, mwenye nyumba afanye nini? Wengi hukimbilia kumtaka jirani aushushe mti mita kadhaa. Ombi hilo ndilo baya kuliko yote, kwa mti na kwa huyo anayeomba. Kinachofaa kuombwa ni dirisha, yaani uwazi mdogo katikati ya majani, pale pale macho yanapopita.

Nianze na sheria, kwa sababu ndiyo inayoonyesha nani ana nguvu na nani yuko katika nafasi ya kuomba. Huko Uingereza, tangu kesi ya Aldred ya mwaka 1610, mahakama zimeshikilia kwamba kuzibiwa mandhari peke yake si jambo la kumshtakia mtu, na msimamo huo ukaenea katika nchi nyingi zilizorithi sheria zake. Hata sheria ya Uingereza ya mwaka 2003 kuhusu ua mrefu inagusa tu safu ya miti miwili au zaidi isiyopukutisha majani, iliyozidi mita 2, tena kwa sababu inazuia mwanga au njia. Uzuri wa kilima hauhesabiwi. Ufaransa hutazama umbali: pasipo na kanuni au desturi nyingine ya mahali, mti unaozidi mita 2 usipandwe chini ya mita 2 kutoka mpakani. Jimbo la Queensland huko Australia lina sheria ya mwaka 2011 inayokubali lalamiko la mandhari, lakini masharti yake ni magumu: mti uwe na urefu wa angalau mita 2.5, uzibaji uwe mkubwa mno, na mandhari yenyewe iwe ilikuwepo siku mlalamikaji alipoanza kuimiliki nyumba. Ndiyo maana picha iliyopigwa dirishani siku ya kuhamia ina thamani kuliko barua kumi za hasira. Anayehamia leo aipige leo.

Basi kabla ya kubisha hodi, pima. Keti kwenye kiti unachokitumia kweli kutazama nje. Macho ya mtu mzima aliyeketi huwa kwenye mita 1.2 hivi kutoka sakafuni. Fumba jicho moja, kwa maana macho mawili hutoa mistari miwili, kisha chora kwenye kioo, kwa kalamu inayofutika, mzunguko wa kile unachotaka kukiona: ziwa, kilele cha mlima, kipande cha bahari. Usichore anga. Watu hudai mti mzima uondoke kumbe wanachokitafuta kinatosha ndani ya mchoro wenye upana wa kiganja.

Mchoro huo huonyesha jambo ambalo hesabu pia inalithibitisha. Tawi lenye upana wa mita 1, lililo mita 20 kutoka kwenye jicho, huficha mita 10 za kitu kilicho umbali wa mita 200. Kwa hiyo matawi mawili matatu tu, yakiwa mahali pabaya, huweza kuficha ufuo mzima, na yakitolewa hayo ufuo unarudi. Pima majani yakiwa yamejaa. Mti uliopukutika hudanganya, na mti uliolowa mvua huinamisha matawi chini kuliko kawaida yake.

Sasa mwendee jirani, na umwendee kwa adabu ya mwombaji. Muulize kwanza mti unamfaa nini. Mara nyingi jibu si kivuli wala matunda. Ni kwamba unamsitiri. Dirisha utakalofunguliwa linaona pande zote mbili, na kama upande wa pili kuna chumba cha kulala au bafu, hawezi kukubali, na ana haki. Nenda ukasimame upande wake, utazame kwako. Ikiwa mstari unapita juu ya paa lake, mwonyeshe hivyo kwa macho yake. Ikiwa unapita dirishani kwake, sogeza mchoro au jitolee kugharamia mmea mfupi wa kumsitiri pale.

Akikubali, matawi yatiwe alama kabla msumeno haujawashwa. Mmoja aketi kwenye kiti kile, jicho moja limefumbwa, simu sikioni. Fundi awe mtini na fimbo ndefu yenye kitambaa chekundu nchani. Aliyeketi anasema kushoto, juu, hapo hapo. Utepe ufungwe kwenye chanzo cha tawi, mahali litakapokatwa, si kwenye ncha zake. Kosa linalorudiwa kila mara ni kumwachia fundi akadirie kutoka chini: atakata yale anayoyafikia kwa urahisi, na mandhari itabaki imezibwa kama jana.

Kwa nini kilele kisikatwe? Mti uliokatwa kichwa hupoteza majani yanayoulisha, nao hujibu kwa kutoa machipukizi mengi kwa pupa kuzunguka jeraha. Machipukizi hayo hupanda haraka, na baada ya misimu michache ukuta ni mzito kuliko wa kwanza. Tena hayakuota kutoka ndani ya mti kama tawi la kawaida. Yameshikilia juujuu karibu na gome, wakati kisiki chini yake kinaoza. Upepo ukija, yanabanduka. Jirani amebaki na mti wa hatari, nawe hujapata ulichokitaka. Miti ya jamii ya msonobari na miberoshi ya bustani ina shida yake ya pekee: mingi haichipui tena ikikatwa hadi kwenye sehemu ya kahawia ya tawi isiyo na majani, hivyo kosa moja huacha pengo la kudumu.

Upogoaji wa dirisha huondoa matawi mazima tangu chanzo chake, au huyafupisha hadi kwenye tawi la pembeni lenye unene usiopungua theluthi moja ya lile linalokatwa. Kwa msimu mmoja jumla isizidi robo ya majani yote. Mti mzee au uliodhoofika, pungufu zaidi. Kama mandhari iko chini, huenda inatosha kutoa matawi ya chini tu, na hilo ndilo jepesi kuliko yote. Msimruhusu fundi kukwangua vitawi vyote vya ndani akaacha kishungi cha majani nchani: uzito wote huhamia mwisho wa tawi na tawi huvunjika.

Tawi nene hukatwa mara tatu. Kwanza chini yake, sentimita 30 hadi 50 kutoka shinani, kwa kina cha robo hadi theluthi. Pili juu, sentimita chache nje ya mkato wa kwanza, hadi lianguke lenyewe bila kuchuna gome la shina. Tatu ni kisiki kilichobaki, nje kidogo ya ule uvimbe ulio mahali tawi linapoungana na shina. Uvimbe wenyewe usiguswe; ndio unaoziba jeraha. Rangi ya kupaka haisaidii. Matawi yaliyo karibu na nyaya za umeme si ya fundi wa kawaida, na mti wenye viota usubiri makinda yaondoke.

Andikeni makubaliano, ukurasa mmoja unatosha: picha ya mti wenye tepe, nani analipa (kwa kawaida anayetaka mandhari), nani anaondoa matawi, nani anawajibika fundi akivunja kigae, na kwamba kazi itarudiwa kila baada ya miaka 2 au 3. Ulizeni pia kwa mamlaka ya eneo kama mti umehifadhiwa. Faini ya kupogoa mti uliohifadhiwa inaweza kumwangukia mwenye mti pamoja na aliyeukata. Jueni kwamba karatasi hiyo inawafunga waliosaini. Jirani akiuza nyumba, mnunuzi hafungwi nayo isipokuwa imesajiliwa kwenye hati ya ardhi, pale sheria inaporuhusu.

Akikataa kabisa, kilichobaki ni matawi yaliyovuka mpaka. Sehemu nyingi huruhusu kuyakata hadi kwenye mstari, bila kuingia kwake wala kuuhatarisha mti, na huko Uingereza matawi yaliyokatwa hubaki kuwa mali yake. Lakini kumwaga chumvi, kutoboa shina na kutia sumu ni jinai, na matundu ya keekee chini ya gome huonekana wazi kwa mkaguzi. Mti uliokufa nao hauondoki kwenye mandhari; husimama pale pale, mweusi, ukimsubiri mtu awe chini yake.