Jibu: Shamba la Wanyama, mapinduzi yanaanza kuoza wapi?

Waalaikumu salaam, mdogo wangu wa Wete. Umekwama kwa sababu insha yako ya riwaya hii ya George Orwell unaianzia pale nguruwe Snowball anapofukuzwa na mbwa. Nami skuli, hapa Chake, nilianzia papo hapo, ikanishinda.

Tazama maziwa kwanza. Siku ya pili tu baada ya Jones, mwenye shamba, kutimuliwa ng'ombe wanakamwa, wanyama wanakwenda kuvuna majani, wakirudi jioni maziwa hayapo. Kisha yanafuata matufaha. Squealer, msemaji wa nguruwe, anadai wanayala kwa faida ya wote, ati wasipoyala Jones atarudi! Shikilia hiyo khofu.

Halafu zile amri saba za wanyama, moja ikikataza kulala kitandani: nguruwe walilala vitandani kwanza, neno "shuka" likaongezwa baadaye kwenye amri hiyo. Stalin, mtawala wa Urusi ya Kisovieti anayesawiriwa na nguruwe Napoleon, mwache mwisho.